Binti yangu hajui mwanaume, chanjo ya mlango wa kizazi ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Muheza, nina binti wa miaka 11, yuko darasa la tano. Shuleni wametuletea taarifa kuwa wiki ijayo wasichana watachanjwa chanjo ya HPV. Mama yake anataka, mimi nimekataa kwanza. Shangazi yake katutumia sauti kwenye kundi la familia, mtu anajiita mtaalamu anasema chanjo hiyo inafunga kizazi, kwamba wazungu wanatupunguza, ndiyo maana ni ya bure na ndiyo maana wanachanja watoto wa kike peke yao. Halafu zamani zilikuwa sindano mbili, sasa moja. Wanatufanyia majaribio? Binti yangu hajui mwanaume na sitegemei ajue mpaka aolewe. Na kama ugonjwa ni wa watu wazima, si wangemchanja mama yake? Ana miaka 37, na siku hizi analalamika kutokwa na damu kidogo baada ya tendo la ndoa. Tunadhani ni sindano za uzazi wa mpango. (Baba Rehema)

JIBU: Marahaba, Baba Rehema.

Barua yako imejaa maswali ya binti, halafu mama yake umempa sentensi mbili za mwisho, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka jambo akiwa anavaa viatu. Mimi naanza na hizo mbili.

Damu baada ya tendo la ndoa kwa mwanamke wa miaka 37 si kitu cha kukaa nyumbani mkikidhania. Inaweza kweli kuwa sindano za uzazi wa mpango. Inaweza kuwa uambukizi, au kinyama kisicho na madhara kilichoota kwenye mlango wa kizazi. Lakini pia ndiyo dalili ambayo wagonjwa wangu wengi wa saratani ya mlango wa kizazi huniambia waliiona mwanzo kabisa, na wengi wao waliiona mwaka mzima kabla hawajafika kwangu. Mpeleke wiki hii. Nitarudi kwake nikishamaliza ya Rehema, ila ukiwa na nafasi ya kusoma aya moja tu ya jibu langu, basi iwe hii.

Sasa ugonjwa wenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi chanzo chake ni kirusi cha HPV. Ni ukoo mkubwa, una aina zaidi ya 200, na nyingi hazina la maana. Baadhi ndizo zinazoleta chunjua za mikononi ulizokuwa nazo utotoni. Wabaya ni wachache, na wawili, namba 16 na 18, peke yao wanabeba karibu asilimia 70 ya saratani hii duniani. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake ndio waliowakuta ndani ya uvimbe wa wagonjwa, mwaka 1983 na 1984, wakati watafiti wengi wakimshuku kirusi mwingine kabisa, yule wa malengelenge ya sehemu za siri. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel.

Hapa Tanzania makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500. Hakuna saratani inayotuulia wanawake wengi kuliko hii.

Kirusi hiki hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo. Kondomu inapunguza, haimalizi, kwa sababu haifuniki kila mahali. Jando nalo linapunguza. Majaribio ya Rakai, Uganda, yalionyesha hivyo, lakini halizuii kabisa. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, hawahisi chochote, na mwili hukiondoa wenyewe: kwa watu 9 kati ya 10 kinakuwa kimetoweka ndani ya miaka miwili. Kwa wachache kinabaki, na kikibaki hakina haraka. Huchukua miaka 15 hadi 20 kuzigeuza seli za mlango wa kizazi kuwa saratani, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga iliyoshuka. Kwa hiyo mwanamke anayegundulika leo akiwa na miaka 42, huenda kirusi alikipata akiwa bibi harusi.

Ndiyo maana sababu yako ya kukataa, kwamba Rehema hajui mwanaume, ndiyo sababu yangu ya kukuambia achanjwe sasa. Chanjo hii haitibu. Haimfukuzi kirusi aliyekwisha kuingia, wala haigusi seli zilizokwisha kubadilika. Kazi yake ni kuzuia tu, na chandarua huchomekwa kabla ya kulala. Isitoshe, mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hutengeneza kinga kali zaidi kuliko wa dada wa miaka 20 na kitu kwa chanjo ileile.

Najua neno "ngono" ndilo linalokukaba. Mzazi akisikia ugonjwa wa ngono anasikia tabia, na akisikia tabia anaona anatukaniwa mtoto. Si wewe peke yako. Kenya ilipoanza kutoa chanjo hii mwaka 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba anayejitunza haihitaji. Ni wenzangu katika kazi na nawaheshimu, ila hoja yao inahitaji watu wawili waliojitunza, na chanjo tunaijadili kwa mmoja. Wewe unaweza kumlea Rehema. Mume wake, ambaye saa hizi pengine anacheza mpira pembeni ya mnada mahali fulani na nyumba anayolelewa huijui, huwezi kumlea.

Niliwahi kumhudumia mama mmoja mkulima, aliolewa na miaka 17, hakuwahi kuwa na mwanaume mwingine. Alipokuja kwangu alikaa ukingoni mwa benchi, mbali na wenzake, amejifunga khanga juu ya khanga. Nilidhani ana baridi. Kumbe anaficha harufu. Alikuwa ameacha kwenda kwenye harusi, ameacha kupanda daladala saa za watu wengi. Zahanati moja ilikuwa imemtibu "U.T.I." mara nne, vidonge juu ya vidonge, hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia. Nilipomweleza ugonjwa unatokana na nini, aliuliza jambo moja tu: "Kwani mimi nimefanya nini?" Hakuwa amefanya chochote. Nilimwambia hivyo, na mpaka leo sijui kama aliniamini.

Kuhusu hofu kwamba mtoto akichanjwa ataona amefunguliwa mlango: Kanada waliwafuatilia wasichana 260,000 hivi wa jimbo la Ontario, na chanjo haikuongeza mimba za utotoni wala magonjwa ya zinaa. Mimi binafsi hata bila Kanada ningekuambia kwamba sindano ya pepopunda haijamfanya mtu yeyote atembee pekupeku juu ya misumari. Mtoto wa darasa la tano akichomwa sindano ya bega anachokumbuka ni bega linauma.

Tuje kwenye sauti ya shangazi. Sijaisikia hiyo yake, lakini nimeshatumiwa ndugu zake wengi na naweza kukisia inakotoka. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani, WHO, walikanusha, lakini maneno yalishatoka, na tangu hapo kila chanjo ya mwanamke ikija, hadithi ileile inavalishwa nguo mpya.

Ndani ya chanjo ya HPV kuna nini? Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Ian Frazer na Jian Zhou waligundua kuwa protini ya ganda la kirusi hiki, ukiitengeneza peke yake, hujipanga yenyewe ikawa ganda kamili lisilo na kitu ndani. Fikiria kifuu cha nazi. Kwa nje ni nazi, lakini ukikifukia ardhini hakioti mnazi, kwa sababu kilichokuwa cha kuota hakimo. Mwili wa mtoto unaonyeshwa vifuu, unajifunza sura, na siku nazi yenyewe ikija unaijua kabla haijaingia ndani. Pamoja na hayo maganda kuna chumvi ya alumini kidogo ya kuamsha kinga, kama ilivyo kwenye chanjo nyingine alizochomwa Rehema akiwa mchanga. Homoni hamna.

Na hili la kizazi limepimwa, halikuachwa kwenye maneno. Utafiti mmoja wa Marekani ulichambua kumbukumbu za wasichana na wanawake vijana karibu 200,000 kuona kama waliochanjwa mayai yao yalikufa mapema, na haukukuta uhusiano. Australia walianza kuchanja shuleni mwaka 2007. Rwanda walianza 2011, wa kwanza Afrika kwa nchi nzima, na wakawafikia zaidi ya wasichana 9 kati ya 10. Wale wa Rwanda sasa ni wanawake wazima, wengine tayari ni kina mama.

Kinachofunga kizazi nakijua mimi, Baba Rehema, nimekiona kwa macho. Ni matibabu ya saratani hiyo. Ikikutwa mapema ya kutosha kupasuliwa, mara nyingi tunatoa kizazi chote. Ikikutwa baadaye ni mionzi, na mionzi ya nyonga inaua mayai hata kwa binti wa miaka 28 ambaye hajazaa. Yule wa kwenye sauti hakulisema hilo.

"Wazungu wanatupunguza." Basi walianza kujipunguza wenyewe. Australia mwaka 2007, Uingereza 2008, sisi nchi nzima 2018. Na wamepata nini? Uswidi walifuatilia wasichana na wanawake milioni 1.7: waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa. Scotland, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2024, walitafuta kwenye daftari lao la saratani wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Hawakumkuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Miaka thelathini nipo kwenye kazi hii, sikutegemea kuona sifuri hiyo nikiwa hai.

Kwa nini watoto wa kike tu? Hapo umeuliza vizuri, kwa sababu wavulana nao wanabeba kirusi, na huwaletea saratani za koo na za sehemu za siri. Australia wanachanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Sisi hatuwachanji kwa sababu ya mfuko na kwa sababu kwa miaka kadhaa chanjo yenyewe ilikuwa adimu duniani. Dozi zikiwa chache unaanza na mwenye mlango wa kizazi. Na ubure wake ni ubure uleule wa surua na polio. Rehema alichanjwa surua akiwa na miezi tisa, bila shilingi, na sidhani kama siku hiyo uliuliza nani analipa. (Analipa Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, na serikali inachangia.)

Majaribio, sasa. Ndiyo, yalifanyika kwetu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Tanzania ilianza na dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Aliyetuonyesha njia mwanzoni alikuwa bahati: huko Costa Rica na India kulikuwa na wanawake na wasichana walioandikishwa kwa dozi zaidi ya moja wakaishia kupata moja, kwa sababu hii na ile, na walipofuatiliwa miaka kumi ikaonekana wamekingwa karibu sawa na wenzao. Ndipo Kenya ikapima kwa makusudi: wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, waliojitolea, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Mwaka mmoja na nusu baada ya dozi moja, kinga dhidi ya namba 16 na 18 ilikuwa asilimia 97.5. Mwanza nao wakapima damu za wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wa dozi moja, mbili na tatu, kuona kinga inavyokaa. WHO ikabadili mwongozo wake mwaka 2022. Kwa hiyo badala ya kuuliza kama wanatujaribia, ungeweza kusema nchi nyingi duniani zimepunguza sindano kwa ushahidi ambao sehemu yake ilichukuliwa Mwanza na Kisumu. Ila ujue kuna asiyetosheka na moja: msichana anayeishi na VVU anahitaji mbili, na ikiwezekana tatu. Kama kuna jirani yako mwenye mtoto wa namna hiyo, mwambie aulize kliniki anakochukulia dawa.

Wasiwasi wako una sehemu moja ambayo nakubaliana nayo kabisa, na inatoka India. Mwaka 2010 mradi wa kutoa chanjo hii kwenye majimbo ya Andhra Pradesh na Gujarat ulisimamishwa baada ya wasichana saba kufariki. Uchunguzi ulikuta vifo havikutokana na chanjo. Mmoja alizama majini, mwingine aliumwa na nyoka. Lakini ulikuta aibu nyingine: fomu nyingi za ridhaa zilisainiwa na walezi wa mabweni, wazazi hawakuulizwa. Mtoto ni wako. Una haki ya kuona karatasi, kuuliza ni chanjo gani, nani anachoma, na atakaa wapi baada ya kuchomwa. Nenda shuleni siku hiyo. Mwalimu akikuona mkali, mwambie daktari ndiye aliyekutuma.

Nimetaja kukaa kwa sababu wasichana wa umri huu huzimia. Siku moja ya kampeni, kwenye shule moja ambayo foleni ilipangwa juani tangu asubuhi, mmoja aliona sindano akaanguka, na kabla hatujamwinua walikuwa sita chini. Hakuna kati yao aliyekuwa amechomwa. Colombia, mji wa El Carmen de Bolívar, mwaka 2014 hali kama hiyo ilienea kwa mamia ya wasichana na ikafika kwenye televisheni. Kwa hiyo anywe chai kabla ya kutoka, achomwe akiwa amekaa, abaki amekaa dakika 15. Bega litauma siku moja au mbili, anaweza kupata homa ndogo au kichwa kuuma. Mzio mkali upo, ni kama watu wawili kwa kila dozi milioni, na mchanjaji anatakiwa awe na dawa yake hapohapo. Aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo asichomwe. Mwenye homa kali asubiri apone.

Japani wanajua gharama ya kusita. Mwaka 2013, baada ya habari za wasichana wenye maumivu na kushindwa kutembea, serikali iliacha kuihimiza chanjo. Uchanjaji ukaporomoka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya moja. Jiji la Nagoya likawauliza wanawake vijana kuhusu dalili 24 zilizolalamikiwa, na karibu 30,000 wakajibu. Waliochanjwa hawakuwa nazo zaidi ya wasiochanjwa. Kuihimiza upya kulirudi 2022. Katikati hapo kuna miaka tisa ya wasichana waliokua bila chanjo, na ile hesabu ya miaka 15 hadi 20 inawasubiri.

Basi mchanje Rehema, na kadi yake iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akifika miaka 30 atapimwa kama wanawake wengine, kwa kuwa zipo aina za kirusi ambazo chanjo hii haizigusi.

Mama Rehema ndiye wa haraka. Umeuliza kwa nini wasimchanje yeye. Kwa miaka 37, ndani ya ndoa, huenda alishakutana na kirusi zamani, chanjo ingemsaidia kidogo sana, na kama kuna kitu tayari kimeanza isingekigusa kabisa. Anachohitaji ni kuangaliwa. Kwa mwanamke asiye na dalili tunatumia siki: anachunguliwa kwa kifaa cha kupanulia uke, pamba yenye siki inapakwa kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja. Sehemu iliyo salama hubaki na wekundu wake wa waridi. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Zikiwa bado changa tunaziunguza kwa kifaa cha joto au cha baridi kali, siku hiyohiyo, bila wodi wala kisu, na anarudi nyumbani kupika.

Yeye ana dalili, kwa hiyo asiishie kwenye siki. Aseme waziwazi: "natokwa na damu baada ya tendo." Asione haya, asiseme tumbo linauma. Achunguliwe kwa macho, na kama kuna kidonda au uvimbe, kikatwe kinyama kidogo kipelekwe maabara kabla mtu hajamwandikia dawa ya U.T.I. Kituo cha afya kikishindwa, mwombe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, Bombo. Ikihitajika mionzi, iko hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Aende siku ambayo hayuko hedhini. Na wewe nenda naye, ukae kwenye benchi la nje, hata kama ni akina mama watupu. Majibu yakitoka niandikie, hata kama ni sindano kweli.